Panzer Dragoon Orta: gemu ya joka ambayo sijaona mfano wake

Gemu zenye joka ziko nyingi, ila katika nyingi joka ni usafiri tu. Unaliita, linakuja, linakuvusha mlima, unashuka na kuendelea na upanga wako. Panzer Dragoon Orta haina habari hizo. Kuanzia hatua ya kwanza hadi ya kumi uko mgongoni, na kila unalolifanya linapitia kwa joka. Nimeicheza kwenye Xbox Series X, nikaimaliza kwa kiwango cha kawaida kisha kwa kile kigumu, na bado naifungua nikipata nafasi. Naandika kwa ajili ya yule anayeiona dukani mtandaoni na kuipita kwa sababu ni ya zamani.

Na ni ya zamani kweli. Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 1995 kwenye Sega Saturn, konsoli (mashine ya kuchezea gemu) ya kampuni ya Sega, ukapata gemu ya pili mwaka 1996 na ya tatu mwaka 1998. Mwaka 2001 Sega ikaacha kutengeneza konsoli, na wengi tulidhani hadithi imeishia hapo. Studio ya Smilebit, iliyokuwa chini ya Sega na yenye baadhi ya watu waliozitengeneza zile za mwanzo, ikaja na hii ya nne mwaka 2002, safari hii kwenye Xbox ya kwanza ya Microsoft. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye orodha ya gemu za Xbox ya kwanza zinazochezeka kwenye Xbox One, na ndiyo maana hadi leo huhitaji kutafuta konsoli kuukuu ili uicheze.

Tuje kwenye uchezaji, maana hapo ndipo penye uhondo.

Njia ya joka imeshapangwa. Wewe huamui kwenda kulia kwenye bonde au kushoto kwenye msitu, isipokuwa pale gemu yenyewe inapokupa njia mbili uchague. Kazi yako ni kulisogeza joka ndani ya skrini likwepe, kugeuza macho, na kupiga. Unaweza kugeuka ukatazama mbele, nyuma, kulia au kushoto, na duara dogo la rada linakuonyesha adui wako upande gani. Ukibonyeza kitufe harakaharaka, Orta, yaani msichana aliyelipanda joka, anapiga bunduki yake. Ukikishikilia huku ukipitisha alama juu ya maadui, kila mmoja anawekewa shabaha, na ukiachia, joka linatema miali inayowafuata mmoja mmoja. Mfumo huu ndio uti wa mgongo wa mfululizo mzima, na mchezaji wa gemu ya kwanza atauzoea hapa bila shida.

Kilichoongezeka ni kwamba joka lako lina maumbo matatu, na unalibadilisha hapohapo hewani kwa kitufe kimoja. Umbo la kawaida linafanya yote kwa wastani: lina shabaha nyingi, lina bunduki, lina nguvu ya kujirusha mbele au kurudi nyuma kwa kasi. Umbo zito lina miali michache lakini ikigonga inagonga kweli, ila haliwezi kujirusha kabisa. Umbo jepesi halina shabaha, bunduki yake inajitafutia maadui yenyewe, na linajirusha mara nyingi kuliko yote.

Ukisoma hivyo utadhani ni suala la kuchagua unalolipenda ukatulia nalo. Jaribu uone. Chukua pambano na bosi, yule adui mkubwa, kwa kuwa mabosi wa gemu hii wengi unawazunguka: ukijirusha mbele unahamia upande mwingine wa mwili wake, ukifunga breki unarudi. Yeye anafungua mlango wa makombora, na hewa inajaa vitu vidogo vinavyokuja kasi. Hapo unahitaji umbo jepesi liyafagie yote kabla hayajakufikia. Sekunde chache baadaye sehemu yake laini inafunguka ubavuni. Ukibaki na umbo jepesi utakuwa unamkwaruza tu. Unajirusha kufika ubavuni, unageuka kuwa zito, unaweka shabaha, unaachia. Sasa rada inawaka nyekundu na bosi anajiandaa kupiga upande huohuo uliopo, nawe uko kwenye umbo lisiloweza kukimbia. Unalibadilisha tena, unajirusha, unapona kwa tundu la sindano. Yote hayo yanatokea katika muda wa kuvuta pumzi mara mbili, na hakuna hata kitendo kimoja kati ya hivyo kilichojifanya chenyewe. Vidole vinajifunza kabla ya kichwa. Ikifika siku hiyo utaelewa kwa nini watu waliocheza gemu hii hawaachi kuitaja.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba njia iliyopangwa ni mapungufu. Mimi naiona ndiyo nguvu yake. Abiria wa bodaboda haongozi pikipiki, lakini anajua kona inapokuja alale upande gani, na mwili wake wote uko safarini. Kwa kuwa gemu imekuondolea kazi ya kuongoza, watengenezaji wamejua kila sekunde uko wapi na unatazama nini, wakakupangia mambo. Mnyama mkubwa anapita chini yako wakati huna cha kupiga ili upate kumwangalia. Meli ya vita inajitokeza kutoka mawinguni ikiwa imejaa skrini nzima, na unatambua kwamba zile ulizokuwa ukipigana nazo dakika iliyopita zilikuwa ndogo zake. Gemu ya kuzurura popote haiwezi kukupa mpangilio wa namna hiyo.

Kuhusu sura yake, nilitarajia kuvumilia picha za mwaka 2002. Sikuvumilia chochote. Konsoli mpya zinaikuza picha mpaka inakuwa safi, na ubunifu wenyewe haujazeeka. Mfululizo huu tangu mwanzo ulikuwa na macho yake: picha ya jalada la toleo la Kijapani la gemu ya kwanza ilichorwa na Mfaransa Jean Giraud, yule anayejulikana kama Moebius, na dunia ya Orta bado ina harufu hiyo. Majoka yana magamba magumu yaliyokaa kama silaha za vita, meli zinaelea kana kwamba ziliokotwa kwenye magofu ya watu wa kale zikafungwa mizinga. Hakuna kasri la Ulaya wala mchawi mwenye ndevu ndefu. Hatua ya thelujini ndiyo niliyoirudia zaidi kuliko zote kwa sababu ya mandhari tu. Muziki wa Saori Kobayashi, aliyefanya kazi pia kwenye gemu ya tatu, unapanda na kushuka na joka lako, na sauti za kuimba zinazojitokeza humo ndani zinafanya hata hatua fupi ionekane ni safari.

Wahusika wanazungumza lugha iliyobuniwa kwa ajili ya dunia hiyo, na maana unaisoma chini ya skrini kwa Kiingereza. Nimelipenda jambo hili. Mara nyingi mchezaji wa huku kwetu anakutana na joka la kale linaloongea lafudhi ya London. Hapa kila mchezaji, awe Tanga au Tokyo, ni mgeni kwa usawa.

Hadithi sasa. Orta ni msichana aliyefungiwa mnarani tangu utotoni bila kujua yeye ni nani. Usiku mmoja Himaya inaushambulia mji kwa majoka yake ya kutengenezwa, na joka la kweli linatokea na kumwokoa. Kuanzia hapo anatafuta asili yake huku akiwindwa. Msingi ni mzuri, na mwisho wake ulinigusa. Lakini lazima niseme wazi: aliyeicheza gemu ya tatu atapata mara mbili ya anachopata mgeni. Jina linatajwa, mgeni anaona jina tu, mwenzake nywele zinasimama. Katikati kuna mazungumzo yanayopita haraka mno kwa mtu asiyewajua watu wa kale na mitambo yao, na gemu haisubiri. Kuna kamusi ya ndani inayofunguka kidogokidogo, inasaidia, ila kusoma kamusi katikati ya gemu ya vita si kila mtu atapenda.

Ni fupi pia. Hatua kumi unaweza kuzimaliza kwa jioni moja au mbili, na kama ulizoea gemu za saa 60 utajiona umepunjwa. Na ugumu unapanda ghafla kuelekea mwisho: hatua za mwanzo zinakusamehe, za mwisho hazisamehi, na bosi wa mwisho ana awamu ambazo zitakurudisha mwanzo mpaka uzijue kwa moyo. Sioni kwamba ni uonevu, maana kila pigo lina dalili kabla halijaja, ila mwenye hasira za karibu ajiandae.

Kinachofidia ufupi ni kisanduku kiitwacho Pandora's Box, kinachojaa kadiri unavyocheza. Humo mna misheni za pembeni, mna michoro, na mna gemu ya kwanza ya mwaka 1995 nzima, ambayo ukiicheza baada ya Orta unaona wazi mfumo wa shabaha ulikotoka na jinsi maumbo matatu yalivyoutanua. Misheni ninazozithamini zaidi ni za Iva Demilcol, mtoto wa upande wa Himaya aliyefiwa na baba yake katika vita hivi. Katika hadithi kuu wale walio kwenye meli ni shabaha za kijani na nyekundu. Iva ni mwana wa mmoja wao. Ni misheni fupi, hazina mbwembwe, na zimenifanya niwapende zaidi watu walioitengeneza gemu hii, kwa sababu hawakulazimika kuziweka.

Ukiinunua, anza na kiwango cha kawaida. Kile chepesi kinakuruhusu kumaliza karibu yote na umbo moja, na utatoka ukijiuliza watu wanasifia nini. Mwishoni mwa kila hatua unapewa alama kulingana na ulivyopiga na ulivyoumia. Rudia hatua mbili za kwanza mpaka alama zipande ndipo uendelee, na kubadilisha maumbo kutakuwa kumekaa kidoleni kabla ya hatua zinazokuhitaji hivyo. Anayetaka dunia pana ya kuzurura, vijiji vya kutembelea na mkoba wa kujaza silaha, hii si yake na haitambadilisha. Anayetaka kujua kupigana ukiwa mgongoni mwa joka kunaweza kuwa na uzito kiasi gani, ailipie bila kusita.