TAHADHARI: "Mafuta ya langilangi" ya nusu lita yanayozungushwa Dodoma si langilangi

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa akina dada wa saluni na wote mnaotengeneza sabuni na mafuta ya nywele nyumbani: kuna mtu anazunguka na chupa za plastiki za nusu lita zenye lebo ya njano, anaziuza shilingi 15,000 kwa jina la "mafuta asilia ya langilangi, daraja la kwanza", yaani mafuta yenye harufu yanayotolewa kwenye maua ya mti wa mlangilangi. Anapita Majengo, Chang'ombe na Nkuhungu, na ana kundi la WhatsApp ambako anapokea oda na kutumiwa pesa kwa simu kabla hajaleta mzigo. Msinunue. Na kama umeshanunua, usimpake mtu.

Nimeandika baada ya yaliyompata mteja wa msusi mmoja mtaani kwetu. Alipomaliza kusukwa alipakwa mafuta hayo kichwani, yenyewe matupu bila kuchanganywa na kitu, kama muuzaji alivyoelekeza. Jioni kichwa kikaanza kuwaka moto. Kulipokucha alikuwa na malengelenge nyuma ya masikio hadi shingoni, nywele zikafumuliwa zote, akapelekwa zahanati. Msusi alipompigia muuzaji akajibiwa kwamba "hiyo ni sumu inatoka mwilini, aendelee kupaka". Alipopiga tena simu haikupokelewa, na kwenye kundi alikuwa ameshaondolewa.

Nikaiomba ile chupa. Langilangi naitumia kwenye sabuni zangu, kwa matone maana bei yake haichezewi, na harufu yake naifahamu vizuri. Halisi inabadilika kadiri muda unavyokwenda: mwanzoni tamu na kali, imekaribiana na asumini, halafu inatulia na kuwa nzito, ina ka-harufu ka viungo kwa mbali. Hii ya kwenye chupa ina utamu mmoja tu wa marashi ya bei rahisi, tangu unapofungua kifuniko mpaka inapoisha. Nikadondosha tone la kila moja kwenye karatasi nyeupe. Kesho yake tone langu lilikuwa limebakiza alama hafifu. Lake lilikuwa doa la mafuta linalopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa chapati.

Baridi ya Juni ikamaliza ubishi. Chupa ililala dirishani, asubuhi nikaikuta imeganda, nyeupe kuanzia chini hadi katikati. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mafuta ya langilangi hayagandi kwa baridi ya Dodoma. Kwa hiyo mnachouziwa ni mafuta ya nazi, au mengine ya namna hiyo, yaliyotiwa manukato ya kiwandani. Sina ugomvi na manukato ya kiwandani, sabuni nyingi nzuri zinayo. Ugomvi wangu ni lebo, na maelekezo wanayopewa watu.

Wengi wetu huku bara mti wenyewe hatujauona, na hapo ndipo muuzaji huyu anapotushikia. Mlangilangi asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, huko Ufilipino, Indonesia na Malaysia. Wafaransa ndio walioueneza visiwa vya Bahari ya Hindi: Réunion, Nosy Be kule Madagaska, Mayotte na Komoro. Leo Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani, na mafuta hayo, pamoja na vanila na karafuu, ndiyo yanayowaingizia fedha za kigeni. Unguja na Pemba maua yake yanajulikana siku nyingi, wanawake huyatia kwenye vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba, pamoja na asumini na rihani. Ulaya yaliingia kwenye marashi makubwa, Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ina langilangi ndani yake. Kwenye mafuta ya nywele nako ni ya zamani, yamechanganywa na ya nazi tangu karne ya 19. Kwa hiyo anaposema "yanafaa kwa nywele" ameshika kipande cha ukweli, na kipande hicho ndicho kinachomuuzia.

Sasa tupige hesabu. Ua huchumwa kwa mkono, alfajiri, likiwa limeiva njano na limeanza kuwa na wekundu pale kwenye kitako. Miti hukatwa ncha ili ibaki mifupi mchumaji aifikie. Maua hupelekwa kwenye mtambo siku hiyohiyo, yanapitishiwa mvuke, mvuke unapozwa, mafuta yanaelea juu ya maji na kukusanywa. Kazi hiyo inaweza kwenda karibu mchana na usiku mzima, na mafuta hutenganishwa kwa mafungu kadiri yanavyotoka: ya saa za mwanzo ndiyo ya daraja la juu, ya marashi, ya mwishoni ni mazito na huenda zaidi kwenye sabuni. Kilo 100 za maua hutoa takriban kilo 2 tu za mafuta yote, madaraja yote pamoja. Nusu lita basi inataka zaidi ya kilo 20 za maua mabichi, halafu kuni, mtambo, meli na ushuru. Shilingi 15,000 haimlipi hata mchumaji.

Akibanwa kwa hesabu hiyo anasema ana shamba Kondoa. Mlangilangi unataka joto, unyevu na mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Sisi huku mvua ni kama milimita 600, na kuanzia Mei hadi Novemba ardhi imekauka. Akupeleke shambani basi.

Kinachoniumiza zaidi ni tiba anazotangaza: presha, sukari, uzazi. Anawaambia watu wanywe kijiko kimoja asubuhi, na mama wenye watoto wachanga watie kwenye maji ya kuogea. Tafadhalini sana. Mafuta ya maua ya namna hii hayanywewi, hata yakiwa halisi, na mtoto mchanga asiwekewe kabisa. Mwenye presha asiache dawa zake za hospitali kwa ajili ya chupa ya mtu wa barabarani. Halisi yenyewe ikipakwa bila kuchanganywa inaweza kuwasha ngozi na kuleta mzio. Kipimo ninachotumia ni matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au alizeti, tena najaribu kwanza kidogo kwenye kiwiko kwa ndani na kusubiri siku moja.

Anayeuza ya kweli hukupa chupa ndogo ya kioo cheusi au kahawia, kwa sababu mafuta haya hula plastiki na huharibiwa na mwanga. Lebo huandikwa jina la kitaalamu, Cananga odorata, nchi yalikotoka, daraja lake na namba ya toleo. Bei ya daraja la kwanza haifanani na ya daraja la tatu. Ukiona bei moja kwa yote, ondoka.

Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), na bidhaa inayodai kutibu ugonjwa ni ya kuripoti TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Wote wana ofisi hapa Dodoma. Mwenye chupa asiimwage. Ifunge vizuri na uiweke mbali na watoto, maana watahitaji sampuli. Hifadhi pia ujumbe wa muamala na picha za mazungumzo ya WhatsApp kabla hajafuta kundi. Msusi niliyemtaja ameshapeleka malalamiko yake, na wakijitokeza wengine watatu wanne wenye chupa ya lebo hiyohiyo, itakuwa vigumu kwa huyu bwana kusema ni bahati mbaya ya mteja mmoja. Kama ulishanunua kwake, andika hapa chini ni mtaa gani na lini.