Fundi wa routa aliyetaka chai: uzoefu wangu Lamu

Nilikuja kutoa nyota tatu. Nimekumbuka lile neno lake, sasa ni mbili.

Nina nyumba ya wageni Mkomani na nyingine Shela. Intaneti inaingia Mkomani, inarushwa Shela kwa antena za darini, na njia ya akiba inapitia dari ya shangazi yangu Langoni. Routa tatu. Nilitaka njia moja ikikatika, ya pili ishike yenyewe. Hiyo ni kazi ya OSPF, utaratibu wa routa kuambiana njia zenyewe, na ndivyo nilivyowaambia kampuni ya Mombasa iliyonitumia fundi.

"Bi mkubwa, haya ya mitambo niachie mimi. Wewe tuletee chai."

Nikamletea, na mahamri juu. Routa za Langoni na Shela zikaonana, zisielewane. Kwenye skrini yake ExStart, hatua ya kabla ya kupeana taarifa za njia, iliganda mpaka adhana ya alasiri. Nikauliza kulikoni. Eti routa zangu mbovu, ninunue mpya, tena kwake! Nilipokataa akaandika njia za mkono, zisizobadilika zenyewe, akapokea pesa kamili, akakimbilia boti ya Mokowe. Risiti inasema OSPF imekamilika.

Kusi ilipokaza, antena ya Shela inayotazama Mkomani ikageuka usiku. Routa haina habari: waya wake hadi kwenye antena mzima, taa inawaka, basi ikaendelea kumwaga kila kitu kwenye njia iliyokufa. Njia ya mkono haiulizi kama ng'ambo kuna mtu. OSPF kwa kawaida hupiga hodi kila sekunde 10, na zikipita 40 kimya, inamhesabu mwenzake hayupo na kutafuta njia nyingine. Sekunde hizo ndizo nilizolipia mimi! Wageni wa Shela walikesha bila mtandao, na mmoja akadai arudishiwe pesa zake. Nikamrudishia, ningefanyaje?

Binti wa kaka yangu, anayesomea kompyuta, ndiye aliyegundua. Ukubwa wa juu wa pakiti ya data, MTU, upande wa Langoni ulikuwa 1500, na Shela kwenye tundu linaloelekea Langoni 1492. Salamu ni ndogo, zinapita. Routa zikifika kupeana taarifa za njia, mwenye kipimo kidogo anamkatalia mwenye kikubwa. Akasawazisha 1500, akafuta njia za mkono, ikaandika Full, yaani zimeelewana kabisa. Tukaigeuza antena makusudi: Shela ikazima kidogo, ikarudi kupitia Langoni. Nilipiga vigelegele, shangazi akadhani kuna posa.

OSPF yenyewe nyota tano, sina neno. Na fundi, haki ya Mungu, waya alizipitisha safi bila kuzitoboa kuta zetu za matumbawe. Labda mbili na nusu.

Hata. Nimewapigia kampuni kulalamika, wanajibu huyo ndiye anayewafundisha wenzake. Nyota moja, na hiyo ni ya waya.