NFL Game Pass ukiwa Arusha, na swali la kumbakisha Sam Darnold

Huduma ya NFL Game Pass, inayopatikana kupitia DAZN, humwezesha mtu aliye Arusha kutazama mechi za ligi ya futiboli ya Kimarekani zinapochezwa au baadaye kwa wakati wake, zikiwa nzima au zikiwa zimefupishwa hadi kufikia kama dakika 40. Nimeitumia katika misimu ya 2024 na 2025, na nimeipima kwa kigezo kimoja ambacho naona ndicho kinachohalalisha fedha ya mtu: kama inampa mtazamaji uwezo wa kufikia hukumu yake mwenyewe juu ya jambo zito la timu, badala ya kumwacha akitegemea vipande vifupi vya video na kelele za mitandaoni. Jambo nililoitumia kulichunguza ni lile la Minnesota Vikings na kwotabeki wao Sam Darnold, yaani kama walipaswa kumbakisha baada ya msimu uliomfufua au walifanya vyema kumwacha aende.

Huenda msomaji akashangaa kwamba jambo la Minnesota linajadiliwa Kijenge na Njiro, mitaa ya hapa Arusha. Kanisa la Kilutheri hapa nchini lina uhusiano wa miaka mingi na Walutheri wa jimbo hilo, na waongoza watalii wetu hukaa mlimani na porini na wageni wanaotoka huko, hivyo timu hiyo ina mashabiki mjini hapa, wachache lakini waaminifu, ambao wakikutana hubishana juu ya Darnold kwa uzito uleule wanaobishania usajili wa Simba na Yanga.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua ndani ya sekunde chache aurushe kwa nani, aukabidhi kwa mkimbiaji au akimbie nao mwenyewe. Darnold aliteuliwa wa 3 na New York Jets katika uteuzi wa chipukizi wa mwaka 2018, ambapo timu hupokezana zamu kuchagua wachezaji wapya, hakung'ara huko, akahamia Carolina Panthers, kisha akawa kwotabeki wa akiba nyuma ya Brock Purdy katika San Francisco 49ers. Vikings walimchukua mwaka 2024 kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 10, ili ashike nafasi hadi akomae J.J. McCarthy, chipukizi waliyemteua wa 10 mwaka huohuo. McCarthy aliumia goti kabla ya msimu kuanza na hakucheza mechi hata moja ya ligi. Darnold akarusha pasi za jumla ya yadi 4,319 na pasi 35 za tachidauni (yaani za kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani na kupata pointi), timu ikashinda mechi 14 kati ya 17, na kocha Kevin O'Connell akatajwa kuwa kocha bora wa mwaka. Kisha, Januari 2025, zikaja mechi mbili za mwisho: kipigo cha 31 kwa 9 mbele ya Detroit Lions, na kipigo cha 27 kwa 9 mbele ya Los Angeles Rams katika hatua ya mtoano, ambapo Darnold aliangushwa na mpira mkononi mara 9. Mwezi Machi 2025 alikwenda Seattle Seahawks kwa mkataba wa miaka 3 wenye thamani ya hadi dola milioni 100.5.

Hapa ndipo huduma hii inapoonyesha thamani yake. Mechi ile ya Rams ilianza saa kumi alfajiri kwa saa zetu, siku ya Jumanne, na ya Lions ilianza siku ya Jumatatu saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Mfanyakazi hawezi kukesha hivyo na kufika kazini akiwa na akili timamu, kwa hiyo wengi wetu huamka na kukuta matokeo pamoja na vipande vya dakika mbili vinavyomwonyesha Darnold akidondoka mara baada ya mara. Aliyeviona vipande hivyo pekee aliamka akiwa na hukumu tayari: mtu huyu huvunjika mchezo unapokuwa mgumu. Marudio ya mechi nzima yanatoa habari nyingine, na sisemi kwamba yanamwosha. Kuna nyakati ambapo kosa lilikuwa lake waziwazi, kwa kuwa aliung'ang'ania mpira akingoja mpokeaji wa pasi awe huru mbali na wapinzani wakati pasi fupi ilikuwa inatosha. Lakini ukiyatazama mashambulizi kwa mfuatano, bila kuruka, unaona jinsi wachezaji wanaomkinga katikati walivyokuwa wakisukumwa nyuma hadi miguuni pake, na unakumbuka kwamba mkingaji wao mkuu wa upande wa kushoto, Christian Darrisaw, aliumia goti mwezi Oktoba 2024 dhidi ya Rams haohao na hakurudi tena msimu ule. Baada ya jeraha hilo ilibidi timu imtafute Cam Robinson kutoka Jacksonville ili azibe pengo.

Uongozi wa Vikings wenyewe uliliona hilo. Mwaka 2025 waliwasajili Ryan Kelly na Will Fries kutoka Indianapolis Colts, kisha wakamteua Donovan Jackson katika raundi ya kwanza ya chipukizi, wote watatu kwa ajili ya kuimarisha sehemu hiyohiyo ya katikati. Kwa maneno mengine, walikiri kwa vitendo kwamba tatizo la Januari halikuwa la mtu mmoja, wakalitibu kwa gharama kubwa, kisha wakamwacha aende yule ambaye angenufaika zaidi na tiba hiyo. Hii ndiyo hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri na wanaoutetea uamuzi ule.

Utetezi wao mkubwa ni wa fedha, na unastahili kusikilizwa. Ligi hii huweka ukomo wa jumla ya mishahara kwa kila timu, na kwa mwaka 2025 ukomo huo ulikuwa dola milioni 279.2. Kanuni ziliiruhusu Vikings kumzuia Darnold kwa mwaka mmoja zaidi hata bila mkataba mrefu, lakini kwa kumlipa takriban dola milioni 40 kwa mwaka huo mmoja, ilhali mkataba wote wa miaka 4 wa McCarthy ni takriban dola milioni 22. Fedha iliyookolewa ndiyo iliyofungua njia ya usajili mwingine, wakiwemo Jonathan Allen na Javon Hargrave katika ulinzi. Hesabu hiyo ni nzuri kwenye karatasi. Udhaifu wake ni kwamba upande mmoja wa mizani walimweka mtu waliyemwona akishinda mechi 14, na upande wa pili wakamweka kijana aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa goti, ambaye hawakuwa wamemwona akicheza hata dakika moja ya ligi. Dola milioni 40 ni nyingi, lakini zingewanunulia mwaka mzima wa kumwona McCarthy akijifunza bila kulazimika kumtegemea.

Mashabiki wa Yanga ninaotazama nao huleta mfano wa Fiston Mayele, aliyeondoka kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023 baada ya kufunga mabao 17 ya ligi, na bado Yanga ikatwaa ubingwa msimu uliofuata huku Stephane Aziz Ki akifunga 21. Mfano huo ni wa kweli ila hauendani na jambo hili. Katika soka mshambuliaji anaweza kupita dakika ishirini bila kugusa mpira na timu ikashinda, na klabu inayomuuza mchezaji mwenye mkataba hupata ada ya kununulia mwingine. Mkataba wa Darnold ulikuwa umekwisha, hivyo hapakuwa na ada yoyote ya uhamisho, na mpira hupita mikononi mwa kwotabeki karibu katika kila shambulizi la timu yake.

Msimu wa 2025 nao niliufuata kwa huduma hiihii. McCarthy aliandamwa na majeraha, akaanza mechi 10 tu, akarusha tachidauni 11 huku pasi zake 12 zikinaswa na wapinzani. Mechi mbili za Vikings barani Ulaya, Dublin na London, zilichezwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, wakati mzuri kuliko wote kwa mtazamaji wa Arusha, na katika zote mbili kwotabeki aliyeanza alikuwa Carson Wentz. Tarehe 30 Novemba walikwenda Seattle kukutana na Darnold, nafasi ya kwotabeki ikishikwa na Max Brosmer, nao wakafungwa 26 kwa 0. Ni mechi inayouma kuitazama kwa shabiki wa Vikings, na mshindi wake halisi alikuwa ulinzi wa Seattle kuliko Darnold mwenyewe, jambo ambalo namba pekee haziwezi kukueleza. Vikings walimaliza na ushindi 9 na vipigo 8, nje ya mtoano. Seahawks walishinda mechi 14, wakawatoa Rams 31 kwa 27 katika fainali ya kanda huku Darnold akirusha yadi 346 na tachidauni 3, na mwezi Februari 2026 wakatwaa Super Bowl, fainali ya ligi nzima, kwa kuwafunga New England Patriots 29 kwa 13. Hata siku hiyo ulinzi ndio uliotawala. Hilo haliidhoofishi hoja yangu, kwa kuwa Vikings nao walikuwa na ulinzi imara chini ya kocha wa ulinzi Brian Flores, na walichohitaji ni kwotabeki wa kutosha tu nyuma ya ulinzi huo.

Huduma ina mipaka yake. Kamera ya matangazo ya kawaida hufuata mpira, hivyo wapokeaji wanaokimbia mbali, akiwemo Justin Jefferson wa Vikings, hutoka nje ya picha katika sekunde zilezile ambazo kwotabeki anaamua. Unamwona Darnold akisita, lakini mara nyingi huoni kama kulikuwa na mtu wa kumrushia. Marudio ya mwendo wa polepole husaidia mara moja moja tu. Kwa sababu hiyo hukumu yangu juu ya maamuzi yake ina uhakika mdogo kuliko hukumu yangu juu ya wanaomkinga, ambao huonekana wazi muda wote. Toleo la dakika 40 nalo huondoa muda kati ya shambulizi na shambulizi. Linafaa sana kwa kuhesabu na kufuatilia mwenendo wa mchezo, ila halikuonyeshi uchovu wala majadiliano ya benchi. Utangazaji wa Kiswahili haupo.

Kwa upande wa matumizi, bei hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na malipo hufanyika kwa kadi. Asiye na kadi ya benki ya kimataifa anaweza kutumia kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu. Mechi nzima huchukua takriban saa 3, na picha ya ubora wa juu inaweza kula zaidi ya GB 2 kwa saa, hivyo anayetegemea bando la simu atashusha ubora wa picha au atabaki na toleo fupi. Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo hatakuwa na shida hiyo, mradi umeme uwepo.

Kwa anayetaka Super Bowl na mechi kubwa chache, king'amuzi chenye chaneli ya ESPN kinamtosha na sioni sababu ya kumwongezea gharama. Kwa anayetaka kufuatilia timu moja na kujua kwa nini inashinda au inashindwa, naipendekeza Game Pass bila kusita, na ningemshauri alipie msimu mzima, atumie toleo la dakika 40 kwa mechi za kawaida, na kila timu yake inapofungwa vibaya aitazame mechi hiyo nzima, akiwaangalia kwanza wale wachezaji watano wanaomkinga kwotabeki kabla ya kumwangalia yeye.