Probox ilianza kulia baada ya mimi kujifanya fundi, mzee fundi wa breki wa Maweni nampa nyota nne

Haya naanza na aibu yangu kwanza ndio mjue nimefikaje huko kwa mzee. Mwezi uliopita nilibadilisha breki pedi za mbele za Probox yangu mwenyewe, hapa nyumbani Muyeye, Malindi, kwenye mchanga, na jeki ya gari na matofali mawili (hilo la matofali msinifuate, tofali likipasuka gari lakushukia). Kazi yenyewe si ngumu vile watu wanavyoitia uchawi, unafungua nati nne za tairi, unalegeza kaliper (ile nyumba ya chuma inayobana pedi), unatoa pedi za zamani, unarudisha pistoni ndani na klampu ya seremala huku ukichungulia mafuta ya breki yasifurike kule juu manake yakimwagikia rangi yanaibambua, unaweka mpya unafunga. Saa kumi jioni nimemaliza najiona injinia. Nikawasha, nikatia rivasi, kukanyaga breki mguu ukaenda mpaka kwa mkeka hamna kitu. Ukisharudisha pistoni lazima ukanyage kanyage breki gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, mi nikasahau. Pipa la maji la jirani ndilo lililonisimamisha na yule mama mpaka leo akiniona ananiuliza fundi, breki zi hai?

Breki zilikuwa hai. Shida ni kelele. Asubuhi ya pili gari likitoka tu linakwaruza kama mtu anasugua sufuria na mchanga, hiyo ikapotea baada ya kona mbili. Halafu kukawa na ingine, shwi shwi shwi shwi, hii inafuata mwendo, ukiongeza mwendo nayo inaongeza, ukikanyaga breki usikanyage ni ile ile. Na ya tatu, kwenye matuta na mashimo kulia mbele ko-ko-ko kama kuna mtu ndani anagonga mlango.

Nikaenda gereji moja ya mjini, jina sitaji, ile ya vijana wenye ovaroli safi. Kijana hakuingia hata ndani ya gari, kalisikia linakuja kasema bearing ya tairi hiyo bro, na disk zimekwisha, elfu tisa pamoja na ufundi (bearing ni zile gololi tairi linazungukia, disk ni ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi). Sikusema kitu, nikasema nitarudi, na wote tulijua sirudi.

Sasa huyu mzee. Yuko Maweni ndani ndani, hana kibao, ana mwarobaini, kontena la buluu na mbuzi wawili, uliza tuktuk yoyote mzee wa breki yuko wapi utapelekwa. Nimefika nikamwamkia shikamoo ami, akaitika marahaba mwanangu, imekuwaje? Nikaanza kumuelezea naye akaninyamazisha kwa mkono, akafungua mlango wa nyuma akaingia akasema twende. Akanipeleka kichochoro chenye ukuta mrefu upande mmoja, teremsha vioo vyote, endesha polepole karibu na ukuta. Kumbe ukuta unakurudishia mlio, wallahi nilisikia vitu ambavyo sijawahi kusikia na nimeendesha gari hilo miaka minne. Kichwa chake nje dirishani kama kondakta wa matatu, akaniambia shwi shwi yako iko kushoto. Na mi muda wote naapa iko kulia.

Tukatokea kwenye uwanja, akaniambia yumbisha gari, kulia, kushoto, taratibu. Bearing ikiwa mbovu mlio unabadilika ukikata upande mmoja kwa sababu uzito umehamia tairi la upande mwingine. Wangu haukubadilika hata kidogo. Bearing nzima, akasema, elfu tisa yako tia mfukoni (nilikuwa nishamwambia habari za wale vijana). Tukarudi kwa njia ya mashimo, pale ndipo alinifurahisha, akasema sasa gusa breki kidogo tu, usisimamishe, pita shimoni hivyo hivyo. Ko-ko ikanyamaza. Nikaachia, ikarudi. Akasema ingekuwa shokabsoba au boljointi isingejali breki, hii ni pedi zinacheza ndani ya nyumba yake, ukikanyaga zinabanwa zinatulia.

Akashuka akapitisha kiganja karibu na rimu moja moja bila kugusa. Ya kulia ina joto zaidi ya kushoto. Akatingisha kichwa, sikupenda kile kitingisho.

Kupiga jeki sasa (ana stendi za chuma, si matofali). Kushoto alizungusha tairi kwa mkono, shwi shwi ile pale, akatoa tairi, akaingiza bisibisi bapa akalisukuma lile bati jembamba la nyuma ya disk, linalozuia vumbi na mawe, mara moja tu. Akazungusha tena, kimya. Nililikunja mwenyewe wakati navuta kaliper kwa hasira. Sekunde kumi, wallahi sekunde kumi, na mi nimelala wiki nzima nawaza bearing.

Kulia ndio kulikuwa na msiba. Katazama, kaniuliza vile vibati viko wapi mwanangu? Vibati gani ami? Vile vidogo vya chuma vinavyokaa pedi zinapoteleza, juu na chini. Nikamwambia vya kulia vilikuwa na kutu tele na boksi la pedi halikuja na vipya nikajua si vya lazima nikavitupa. Mzee alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Umevitupa wapi? Kwenye ndoo. Ndoo iko wapi? Nyumbani. Basi panda tuktuk ukavilete. Nikaenda, nikapekua ndoo ya taka mbele ya yule mama wa pipa, nikarudi navyo kwenye karatasi kama dawa. Akavisugua na brashi ya waya na msasa, pale vinapokaa akasugua pia, akavirudisha. Ko-ko kwisha.

Na lile joto, pini ya kaliper ya chini ilikuwa imekwama, haitelezi, kwa hiyo pedi haiachii disk vizuri. Mi niliipaka grisi ya kopo, ile ya bearing, najiona nimefanya la maana. Akanionyesha mpira wake umeshaanza kuvimba, grisi ile ya petroli inaharibu mpira, pini zinataka grisi ya silikoni. Aliifuta yote, akapaka ya kwake kidogo sana na mpira akabadilisha.

Kuhusu ule mkwaruzo wa asubuhi hakugusa kitu. Disk ni chuma kitupu na sisi tuko pwani, upepo wa bahari na umande wa usiku, kufikia alfajiri pameshashika kutu nyembamba, breki mbili tatu za kwanza zinaifuta. Akasema ikiendelea mpaka sokoni ndio uje. Pedi nazo akaniambia nizizoeze, nitoke alfajiri njia ya Sabaki hakuna watu, mwendo wa hamsini sitini nishuke mpaka kumi bila kusimama kabisa, nirudie mara kadhaa nikiziacha zipoe katikati. Nimefanya, breki zinashika kuliko zamani.

Bei mia nane na mpira ndani. Nikamtumia M-Pesa elfu akanirudishia mia mbili, hataki.

Nyota moja namkatia kwa mambo haya. Vumbi la breki analipuliza kwa mashine ya upepo waziwazi, na vumbi lile si la kuvuta, mi nikaenda kusimama upande upepo unakotoka, yeye na kijana wake wanalimeza tu. Pa kukaa hamna, utakaa kwenye ngoma ya tairi juani. Simu hapokei. Ijumaa akienda kuswali usimngoje kabla ya saa tisa. Na akiwa na gari moja hagusi la pili, mimi nilifika saa tatu nimetoka saa saba, mwenye haraka atakasirika.

Mwezi ujao nampelekea breki za nyuma, zile za dramu. Nilifungua moja nikaona springi zilivyojipanga mle ndani, nikafunga polepole nikaenda kunywa chai.