Shimo la Mungu au Tendaguru: uanze na wapi?

Wageni wakiniuliza, nawaambia waanze na Shimo la Mungu, Newala, mkoani Mtwara. Ukisimama ukingoni pa Shimo la Mungu, uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla miguuni pako. Chini kabisa ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Fika alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala bondeni kama pamba. Jua likipanda, ukungu unachanika na vijia vyekundu vinajitokeza kwenye mteremko. Kwa miaka mingi akina mama wameshuka huko kuteka maji, maana juu hakuna mito. Kwa mandhari hayo, kiingilio ningelipa kwa moyo mmoja, mradi pawe na choo safi na uzio imara.

Tendaguru, mkoani Lindi, kwa macho ni kilima cha kawaida tu. Utajiri wake ulichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913: mifupa ya dinosaria. Dinosaria mmoja amesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Anayelalamika kwamba hakuona kitu simlaumu. Bila mtu wa kukusimulia, usiende.