Baiskeli ya mtoto kwa safari ya Tanga–Pangani: kilichotufaa na kilichotuangusha

Binti yangu ana miaka minane. Baiskeli yake ni ya inchi 20, mtumba wa Japani, haina gia za kubadilisha. Agosti tulitoka naye Ngamiani, mimi na baba yake, tukaenda Pangani, kama kilomita 50, tukilala Kigombe njiani.

Kilichotufaa kuliko vyote ni friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma inayoshika mnyororo. Iliyokuja na baiskeli ilikuwa na meno 16. Fundi wetu aliitazama, akamtazama mtoto, akaniambia, "Mama, hii ya kuzungukia mtaani. Kwenye kilima atashuka asukume." Akafunga ya meno 20, akaongeza na mnyororo kidogo. Sahani ya mbele ina meno 36, kwa hiyo zamani akizungusha pedali mara moja alikwenda karibu mita tatu na nusu. Sasa haifiki hata tatu. Kwenye tambarare anakanyaga sana, ni kweli, lakini vilima vyote alivipanda amekaa kitini. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, fanya hicho.

Keria ndiyo iliyoniudhi. Niliinunua mpya, ya aluminiamu, na muuzaji akaniapia inabeba kilo 10. Tukafunga begi la nguo zake, halifiki kilo tatu. Tulipoipita Tongoni nikaanza kusikia ti-ti-ti nyuma yake. Kusimama, mguu wa kushoto wa keria umeachia pale ulipochomelewa, na ncha yake inagusa spoku. Ingeingia ndani mtoto akiwa kwenye mteremko, sijui leo ningekuwa naandika nini. Baba yake aliikaza kwa kipande cha tyubu kuukuu, na tulipofika Kigombe tukaing'oa kabisa.

Sitaifunga tena, hata iwe ya chuma kizito. Baiskeli yenyewe ina kilo 11 na mtoto ana kilo 24. Yaani miguu ile midogo tayari inasukuma karibu nusu ya uzito wake. Kumtwisha na begi ni kumwonea. Mzigo wake naubeba mimi, yeye abaki na chupa yake ya maji na kengele, maana kengele hakubali kuiacha.

Wenye mitumba ya Japani waangalie valvu. Nyingi zina kile kipira chembamba ndani, na kwa joto letu kinaoza upesi. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa nikijaza upepo jioni, asubuhi tairi limelala, nikadhani ni pancha. Nilipoichomoa, kipira kimekatika kama tambi iliyoiva. Nikanunua tyubu zenye valvu kama ya gari, na njia nzima hatukugusa pampu.

Breki: kwenye mkono wake kuna skrubu ndogo, ikaze ili mkono usogee karibu na usukani. Vidole vya mwanangu vilikuwa havifiki, na miezi yote hiyo sikujua. Kiti nacho tulikipandisha vidole viwili siku ya pili, malalamiko ya magoti yakaisha palepale.

Pangani tulikaa kando ya kivuko tukitazama pantoni likienda Bweni. Akaniuliza, "Mama, kule ng'ambo barabara inaendelea?" Nikamwambia inaendelea, mpaka Mkwaja, mpaka Saadani. Fundi nimeshamwagiza tairi pana zaidi, kwa ajili ya mchanga.