Huduma ya Kumpokea Mhamiaji Mpya: Hodari wa Makaratasi, Dhaifu kwa Wiki za Mwanzo

Siku hizi zipo kampuni zinazouza huduma ya kumpokea mtu anayehamia nchi ngeni. Humtafutia makazi ya muda, humpa mshauri wa kumwongoza katika ofisi mbalimbali, na humwandalia vikao vichache vya kumzoesha maisha mapya. Niliyoitumia mimi ni mojawapo ya hizo. Nilikuwa nayo tangu kabla ya safari hadi mkataba ulipokwisha, na maoni yangu ni kwamba katika makaratasi inastahili ada yake, ila inamwacha mgeni peke yake katika kipindi kilicho kigumu kuliko vyote.

Nianze na makaratasi, maana ndiyo yaliyonifanya nilipe. Mara nyingi mgeni hujikuta akizungushwa: benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki, na kampuni ya simu inataka vyote viwili. Mshauri wangu alijua pa kuanzia. Alichukua barua ya makazi ya muda, ambayo kampuni yenyewe huitoa, akaitumia kunisajili katika mamlaka ya mtaa, kisha tukaenda benki, na mkataba wa nyumba ukaja mwisho kabisa.

Hata kabla sijasafiri alikuwa ameshanitaka nimtumie nakala ya cheti cha kuzaliwa, akairudisha kwa sababu haikuwa na apostili, yaani ule uthibitisho uliowekwa na Mkataba wa Hague wa 1961 ili hati ya umma iliyotolewa na nchi mwanachama ikubalike katika nchi nyingine mwanachama bila kupitishwa ubalozini. Alisisitiza pia kwamba tafsiri ifanywe baada ya apostili kupatikana, ili vyote viwili vitafsiriwe kwa pamoja na nisilipe mara mbili.

Suala la jina nalo alilishughulikia vizuri. Kwa sisi wenye majina matatu yasiyoonyesha wazi lipi ni la ukoo, kila fomu ni mtego. Mshauri alifungua pasipoti yangu kwenye ukurasa wa picha, akaweka kidole kwenye mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine, yenye nafasi 44 kila mmoja, akanionyesha kwamba jina linalofuata msimbo wa nchi, hadi pale penye vijialama viwili vya mshale, ndilo litakalohesabiwa kuwa la ukoo, nipende nisipende. Kuanzia hapo nilijaza fomu zote kwa mpangilio huo, na sikusikia tena kwamba jina langu halionekani kwenye mfumo.

Kitu kilichonipendeza zaidi, hata hivyo, hakimo katika orodha ya huduma zao. Nilipohitaji miadi ya daktari nilitarajia mshauri apige simu kwa niaba yangu. Badala yake alibonyeza kipaza sauti, akaisogeza simu upande wangu wa meza na kuniambia, "Ongea wewe, mimi nipo." Nilitaja jina langu herufi moja moja, nikarudia tarehe, nikaulizwa swali nisilolielewa, nikaomba liulizwe tena. Mshauri hakutamka neno hadi simu ilipokatwa. Mteja asiye na subira angelalamika kwamba amelipia msaada akanyimwa. Mimi naona hapo ndipo walipofanya kazi yao hasa.

Sasa udhaifu wao. Kikao cha ustawi, kile cha kuzungumzia upweke na uchovu wa ugenini, wamekipanga miezi kadhaa baada ya mtu kufika, kwa hoja kwamba wiki za mwanzo ni za furaha na huzuni huja baadaye. Mchoro waliotuonyesha una umbo la herufi U, na chimbuko lake ni utafiti wa Sverre Lysgaard wa 1955 kuhusu Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, ambao walihojiwa wakiwa wameshaondoka huko. Lakini utafiti wa 1998 wa Colleen Ward na wenzake, uliowafuatilia wanafunzi wa Kijapani nchini New Zealand, ulikuta kwamba taabu huwa kubwa zaidi mwanzoni na hupungua kadiri muda unavyokwenda. Nami naafiki huo wa pili. Kinachochosha mwanzoni ni vitu vidogo ambavyo kwetu tulivifanya bila kuwaza, kama kujua foleni inaanzia wapi au kuitumia mashine ya tiketi huku watu wanasubiri nyuma yako. Kikao kilipofika, nilikuwa nimeshazoea.

Kifurushi cha msingi kinamfaa anayehama bila mwenyeji, na anayekwenda kuungana na ndugu waliokwisha kuzoea hakihitaji. Kile cha juu sikipendekezi, kwa kuwa nyongeza yake kubwa ni mikutano ya mtandaoni ya kufahamiana na wageni wengine, jambo ambalo darasa la lugha hulitimiza vizuri zaidi. Atakayejiunga adai mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: kikao cha ustawi kifanyike wiki ya kwanza, na mshauri asibadilishwe katikati. Wangu alibadilishwa, na huyo mpya ilinibidi nimweleze kila kitu upya, kuanzia na jina.